Mchanga, Kokoto na Kinachoitwa "Mkusanyiko": Uhakiki wa Istilahi za Zege

Utangulizi

Miongoni mwa istilahi zinazowasumbua watafsiri wa nyaraka za ujenzi, ni chache zinazodhihirisha udhaifu wa tafsiri ya neno kwa neno kama zile zinazohusu mchanga na mawe yanayotiwa katika zege. Kiingereza kina neno moja, "aggregate", linalovifunika vitu vyote hivyo. Kisha huvigawa mafungu mawili kwa kutazama ukubwa wake. Kiswahili cha mafundi hakikuanza na neno moja la namna hiyo. Kina majina mengi: mchanga, kokoto, changarawe, moramu, kifusi, vumbi la mawe. Mtafsiri akikutana na hali hiyo aghalabu hudhani kwamba lugha yake ina upungufu. Hukimbilia kamusi ya jumla, akachukua maana ya kwanza aionayo, na kuiandika. Matokeo ya haraka hiyo ndiyo tunayokusudia kuyahakiki katika makala haya.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Tangu Januari 1967, Serikali ilipoagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake, na hasa tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kazi ya kutafsiri nyaraka za kitaalamu imezidi kuwa kubwa. Wakati huo huo ujenzi wa shule na zahanati umekabidhiwa kwa sehemu kubwa kwa kamati za wananchi wanaotumia mafundi wa mahali pao. Katika mwaka wa fedha 2021/22 vilijengwa nchini vyumba vya madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19, na kamati za namna hiyo ndizo zilizonunua vifaa vingi. Mwenyekiti wa kamati hasomi vitabu vya uhandisi. Husoma karatasi ya Kiswahili aliyopewa. Karatasi hiyo ikiwa na neno bovu, neno hilo litaingia katika nguzo na katika linta.

Hali ilivyo Singida

Tumechagua mifano yetu mkoani Singida kwa sababu maalumu. Uwanda huo umekaa juu ya miamba ya kale sana, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na sehemu kubwa yake ni matale, au graniti kama waitavyo wengine. Mgeni afikapo mjini Singida hulakiwa na majabali yaliyopandana kana kwamba yamepangwa kwa mikono. Kwa hiyo jiwe la kupasua kokoto halina shida kupatikana. Kokoto hupasuliwa kwa mitambo, na pia hupondwa kwa nyundo na wananchi, wake kwa waume, ambao huziuza kwa ndoo au kwa lori. Mchanga huchotwa katika makorongo yanayopitisha maji wakati wa masika tu. Moramu huchimbwa kwa ajili ya barabara. Tena yapo maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, kandokando ya mji wenyewe.

Mkoa huo basi una karibu kila kitu kinachohusu mada yetu katika eneo moja: jiwe zuri, mchanga wa namna mbalimbali, udongo wenye mawe unaofanana na kokoto kwa mbali, na mchanga ambao macho huuona kuwa ni mchanga lakini chumvi iliyomo huweza kuzifanya nondo zishike kutu ndani ya zege. Mahali kama hapo, jina la kitu ndilo linaloamua lori litakwenda kupakia wapi.

Tumepata kusoma maelekezo ya ujenzi wa darasa yaliyotumiwa na kamati moja katika mkoa huo. Mwandishi wake, ambaye hatuna haja ya kumtaja wala kuitaja ofisi yake, aliyatafsiri kutoka Kiingereza. Katika ukurasa mmoja aliyaita mawe ya zege "mkusanyiko mkubwa", na mchanga akauita "mkusanyiko laini". Katika ukurasa uliofuata, pengine kwa kuona kwamba maneno hayo hayaeleweki, aliyaita mawe hayo "changarawe". Kamati ilishindwa kulielewa neno la kwanza, ikalielewa la pili kwa namna wananchi wote wanavyolielewa, na lori likaleta moramu. Ilikuwa bahati kwamba fundi aliyeajiriwa alikuwa mtu wa miaka mingi katika kazi. Aliutazama mzigo, akakataa kuuchanganya na saruji.

Uhakiki wa tafsiri zilizopo

Na tuanze na neno "mkusanyiko". Kosa lake si la sarufi. Neno limeundwa vizuri kutokana na kitenzi kusanya. Kosa lake ni kwamba limekwisha kupata kazi nyingine. Mwananchi aambiwapo kwamba kesho patakuwa na mkusanyiko mkubwa, atafikiri juu ya mkutano wa hadhara. Sifa "mkubwa", iliyokusudiwa kueleza ukubwa wa kila jiwe, inaeleza ukubwa wa kundi zima. Hivyo basi lori moja la kokoto ni mkusanyiko mdogo, na lori kumi ni mkusanyiko mkubwa, hata kama kokoto zenyewe ni zile zile. Istilahi inayobadili maana kwa kadiri ya idadi ya malori haifai kuitwa istilahi.

Wapo wengine wanaotumia neno "jumla". Hawa wamechukua maana ya kihesabu ya neno la Kiingereza na kuihamisha bila kuipima. Watumishi wa Serikali wanaosoma majedwali ya gharama wanajua kwamba "jumla ndogo" ni hesabu ya fungu moja la jedwali, na "jumla kuu" ni hesabu ya mafungu yote. Mtu akiandika katika jedwali hilo hilo kwamba zinatakiwa meta za ujazo kumi za jumla ndogo, mhasibu atakuwa na haki ya kurudisha karatasi.

Kundi la tatu ni la wale wanaotohoa, wakaandika "agrigeti". Hatupingi utohozi kwa sababu tu ni utohozi. Maneno mengi ya jengo yameingia kwa mlango huo: linta, lipu, na simenti ambayo hadi leo inashindana na saruji. Hata saruji yenyewe ilitoka Uajemi. Lakini maneno hayo yalibebwa na mafundi, yakazungushwa midomoni mwao, na yalipofika kwa mwandishi yalikuwa yamekwisha kuwa Kiswahili. "Agrigeti" halikupita njia hiyo. Tunalikuta zaidi katika karatasi, na anayelisoma hawezi kukisia maana yake asipokuwa amesomea uhandisi kwa Kiingereza, yaani asipokuwa mtu asiyehitaji tafsiri.

Kosa la nne ni dogo kwa sura lakini ndilo lenye hatari zaidi: ni neno "laini". Kiingereza kikitaja ukubwa wa chembe za mchanga hutumia neno ambalo kamusi hulieleza kuwa ni "-embamba", "-zuri" au "laini". Mtafsiri huchagua "laini". Lakini laini katika Kiswahili ni kitu kisichokwaruza mkono. Mafundi wetu wanautofautisha mchanga laini, unaofaa kupiga lipu, na mchanga wa chengachenga, unaofaa kwa zege. Kwa hiyo karatasi inayosema "mkusanyiko laini" humwongoza mnunuzi kwenye mchanga wa lipu, ambao kwa zege la nguzo si chaguo jema: wingi wa vumbi lake huhitaji maji mengi zaidi, na maji yakizidi nguvu ya zege hupungua. Neno halikuwa gumu; ni wepesi wake ndio uliompoteza mtafsiri.

Mwisho ni "changarawe". Hapa hatuna budi kuwa waangalifu, kwa maana neno lenyewe ni zuri. Maana yake ya asili ni vijiwe vidogo vilivyoviringwa na maji, na vijiwe hivyo vikioshwa vizuri vyaweza kufanya zege jema. Lakini lugha ya barabara imelivuta neno hilo upande wake. Isemwapo kwamba barabara fulani ni ya kiwango cha changarawe, hakuna anayefikiri vijiwe safi vya mtoni. Kila mtu anajua kwamba kilichomwagwa ni moramu, yaani udongo wenye mawe, unaoshikana ukishindiliwa. Udongo ule ule unaoisaidia barabara ndio unaoliharibu zege, kwa sababu hulipaka jiwe ngozi ya tope na kuizuia saruji isilishike. Neno moja limekuwa na sifa katika kazi moja na dosari katika nyingine, na mtafsiri hana ruhusa ya kulitumia bila kulifunga kwa maelezo.

Kwa nini tofauti hizi si ndogo

Msomaji asiyekuwa mjenzi aweza kuuliza kama hatukuzi jambo. Hebu tutazame zege lenyewe. Mchanga na mawe huchukua takriban robo tatu ya ujazo wake. Saruji, ambayo kwa bei yake watu huihesabu kwa mfuko, ni sehemu ndogo. Katika uwiano ujulikanao wa moja kwa mbili kwa nne, mfuko mmoja wa kilo 50, wenye ujazo wa takriban lita 35, hudai lita 70 za mchanga na lita 140 za kokoto. Mtu aliyekosea jina la saruji angekosea sehemu moja. Aliyekosea majina ya mchanga na kokoto amekosea sehemu sita katika saba.

Tena mafungu haya mawili hayatendi kazi moja. Kokoto ndizo zinazobeba. Mchanga huziba nafasi zilizobaki baina yao. Saruji na maji huziba nafasi zilizobaki baina ya chembe za mchanga na kuvishikiza vyote. Fungu moja likikosekana au likizidi, nafasi hubaki wazi. Mpaka wa mafungu hayo si wa kukisia. Huwekwa kwa chekeche: Marekani hutumia tundu la milimita 4.75, Uingereza ilitumia milimita 5 katika kanuni zake za zamani, na Ulaya kwa jumla, tangu mwaka 2002, hutumia milimita 4. Kinachopita ni fungu la kwanza. Kinachobaki juu ni fungu la pili.

Hata maji huyatendea mafungu haya kinyume. Mchanga wenye unyevu kidogo huvimba, na ujazo wake huweza kuongezeka kwa robo au zaidi, ilhali kokoto hazivimbi. Fundi anayepima kwa ndoo au kwa karai hupata mchanga mchache akipima mchanga wenye unyevu kuliko akipima mkavu. Maelekezo yanayoviita vyote "mkusanyiko" yatawezaje kumwonya juu ya kimoja bila kumchanganya juu ya kingine?

Kuna na jambo la wakati. Mafundi wana msemo kwamba zege halilali, maana likishachanganywa ni lazima limwagwe na kumalizwa siku hiyo hiyo kabla halijaanza kushika. Kwa sababu hiyo maana ya neno ni lazima iwe imeeleweka kabla ya kazi kuanza. Saa ambayo maji yametiwa si saa ya kutafuta kamusi. (Twasikia pia kwamba vijana wa mjini wamelitwaa neno zege kuwa jina la chipsi zilizokaangwa pamoja na mayai. Hatuna ugomvi nao: vipande vigumu vilivyoshikamanishwa na kitu laini kilichoganda ni maelezo sahihi kabisa ya zege.)

Lugha nyingine zilifanyaje?

Ni vyema kukumbuka kwamba neno la Kiingereza lenyewe halikuumbwa kwa ajili ya jengo. Asili yake ni Kilatini, lugha ambamo lilihusu kutia mnyama katika kundi la malisho. Na jina la saruji katika lugha za Ulaya lina kisa cha ajabu zaidi: Warumi walipotaja "caementa" walikusudia vipande vya mawe, yaani kokoto, jina likahama pole pole hadi likaufikia unga unaoyashika mawe hayo. Basi anayeuabudu msamiati wa kigeni kwa kudhani kwamba umepangwa kwa mantiki tangu mwanzo, anaabudu historia ya bahati nasibu.

La maana ni kuona kwamba lugha nyingine hazikukubali kufuata picha ya Kiingereza. Kiarabu husema "rukam", yaani lundo. Kifaransa husema "granulats", neno litokanalo na lile la punje. Kijerumani, ambacho kwa muda mrefu kilitumia neno lenye maana ya nyongeza, kwa kufuata kanuni mpya za Ulaya kimechukua "Gesteinskörnung", ambalo pia limejengwa juu ya neno la punje, yaani punje za mwamba. Lugha mbili zenye wahandisi mashuhuri zimeliona jambo hili kwa jicho la mkulima anayetazama nafaka.

Wala sisi si wageni wa kazi hii. Waashi wa pwani walichanganya chokaa, mchanga na vipande vya matumbawe karne nyingi kabla ya saruji ya viwandani kufika. Kuba za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ni ushahidi unaosimama hadi leo. Haiwezekani kwamba watu waliozijenga kuba hizo walifanya kazi hiyo bila majina.

Mapendekezo yetu

Kwanza, tunapendekeza watafsiri watofautishe ngazi mbili za maandishi. Katika nyaraka za kazi, yaani majedwali ya vifaa, maelekezo kwa kamati, hati za ununuzi na mikataba midogo, hakuna haja ya neno la jumla hata kidogo. Aandike "mchanga" na aandike "kokoto", kisha aongeze sifa ya lazima: mchanga wa chengachenga, usio na tope wala chumvi, kokoto za jiwe gumu, zisizozidi milimita 20, zisizo na udongo. Kokoto ni jina la jiwe lililopasuliwa, nalo linafahamika tangu Singida hadi Unguja. Hata Kenya, ambako mafundi wengi husema "balasti", neno kokoto halihitaji mkalimani. Changarawe litumike pamoja na asili yake, "changarawe ya mtoni iliyooshwa". Na moramu liachiwe barabara na kifusi cha chini ya jamvi.

Pili, katika vitabu vya kufundishia na katika kanuni za ubora neno la jumla linahitajika, kwa sababu majina ya kazi hayatoshi huko. Vumbi la mawe linalopita chekeche ni la fungu la mchanga, lakini si mchanga. Vipande vya matofali ya kuchoma huweza kufanya kazi ya kokoto, lakini si kokoto. Kwa ngazi hiyo tunapendekeza "punje za zege", zigawanywe kuwa "punje ndogo" na "punje kubwa". Sifa hizi zinaeleza ukubwa wa kila punje peke yake, wala haziwezi kueleweka kuwa ni ukubwa wa lundo. Aidha neno hili lina uzazi: tunapata "mpangilio wa punje" kwa ule uwiano wa ukubwa mbalimbali unaopimwa kwa machekeche, "ukubwa wa juu wa punje", na "umbo la punje", kwa kuwa punje bapa na punje duara hazifanani kazi.

Tunatazamia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba "chembe" lingefaa zaidi. Lakini chembe limekwisha kuchukuliwa na fizikia na biolojia, na si vyema kumrudishia mwanafunzi neno lile lile likiwa na mzigo wa tatu. Ya pili ni kwamba punje ni kitu kidogo, na kokoto ya milimita 20 si kitu kidogo. Tunakiri kwamba neno linanyooshwa. Lakini Kiswahili kimekwisha kulinyoosha: punje ya uwele na punje ya hindi hazilingani hata kidogo, na zote ni punje. Mkulima wa Iramba anayepepeta uwele kwa ungo na kubakiza chenga upande mmoja na punje nzima upande mwingine anatenda kwa nafaka yale yale yanayotendwa na maabara kwa kokoto. Istilahi inayoanzia kwenye kazi anayoijua haitakuwa ngeni kwake.

Tatu, utaratibu wetu wa kuunda istilahi umetufundisha kuanza na Kiswahili chenyewe, kisha lugha za Kibantu na nyingine za Afrika, kabla ya kwenda mbali. Ndivyo tulivyopata "ikulu" kutoka kwa jirani zetu wa Unyamwezini. Kinyaturu na Kinyiramba ni lugha za watu walioishi karne nyingi katikati ya majabali. Walimu walioko Ikungi, Mkalama, Manyoni na kwingineko wangefanya kazi ya thamani kubwa kama wangekusanya majina ya mawe, ya mchanga na ya udongo kutoka kwa wazee na kwa wapasuaji wa kokoto, pamoja na maelezo ya namna kila kimoja kinavyotambuliwa kwa mkono na kwa jicho.

Nne, na mwisho, nyaraka za kitaalamu zisitolewe kabla ya kusomwa na fundi. Kanuni za Wizara ya Ujenzi za mwaka 2000 kuhusu kazi za barabara, ambazo bado hutajwa mara kwa mara na wahandisi, ziliandikwa kwa Kiingereza. Siku ya kuziweka katika Kiswahili zitakuwa na istilahi kwa mamia. Mtafsiri ajaye kwenye kazi hiyo asiketi na kamusi peke yake. Aketi pia na mtu anayejua kuutia mchanga katika chupa ya maji, kuutikisa, kuuacha utulie, na kusoma kimo cha tope lililokaa juu. Wasomaji wenye maoni tofauti na haya, au wenye maneno bora kuliko tuliyoyapendekeza, wanaombwa watuandikie, wakitaja mahali neno linapotumika na kazi linayofanya.